SEHEMU YA 14: Santuri za baba mdogo

 

Wanaoangalia status yangu waliona picha ya juzi, ile sahani nyeusi iliyopakwa kitu cheupe kama uji wa lishe, imelala mezani kwangu. Inbox imejaa. Mama mmoja kaniuliza kama ni dawa ya kienyeji na anafaa kuipaka mtoto mwenye mba. Dada mwingine kauliza kama nimeanza kuuza keki. Hapana jamani. Ile ni santuri, na kile cheupe ni gundi ya mbao, hii hii ya mafundi seremala inayouzwa kila duka la vifaa hapa Makambako. Mada ya chanjo tuliyoianza itaendelea. Leo naomba niwasimulie hili, maana limenikaa kifuani na lina mambo ya mama na mtoto ndani yake, mtaona.

Kwanza kwa wadogo zangu waliozaliwa kwenye enzi ya memori kadi. Santuri ni sahani ya plastiki iliyochorwa kijifereji kimoja chembamba kinachozunguka kutoka ukingoni mpaka katikati. Sauti yote imechongwa kwenye kuta za kijifereji hicho. Sindano ya pleya inapita ndani yake, inatikisika, na ule mtikisiko ndio unaokuzwa ukawa muziki. Kubwa huzunguka mara 33 na kidogo kwa dakika na zinabeba nyimbo nyingi. Ndogo huzunguka mara 45 na zinabeba wimbo mmoja kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za zamani za dansi zilikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza wanaimba taratibu, unageuza, upande wa pili magitaa yanachemka na watu wanainuka kwenye viti.

Sasa bwana, santuri hizi zimetoka Ipelele, kwetu, kule juu Makete. Mnaokujua mnajua baridi yake. Mwezi wa saba asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu na maji ya ndoo yana ngozi juu. Mwaka jana tulikwenda kubomoa jiko la zamani la bibi ili tujenge la tofali. Darini, juu ya moto, pale panapowekwa mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu, kulikuwa na sanduku la bati. Nilidhani ni vyombo. Ndani kulikuwa na santuri arobaini na moja zimefungwa kwenye gunia la pareto.

Zilikuwa za baba mdogo. Alifanya kazi TAZARA. Wengine mnaiona ile reli kama kitu cha kupita tu pale Makambako, lakini miaka ile ilikuwa mshipa wa maisha. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilikabidhiwa 1976. Watu wa reli walikuwa wanakwenda na kurudi, na walirudi na vitu. Kumbukeni hali ya nchi mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita ya Kagera imeisha juzi, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, kanga moja mnagombea ukoo mzima. Santuri za bendi zetu nyingi zilikuwa zinachapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 Jumuiya ilipovunjika, haukufunguliwa hadi 1983. Kwa hiyo kijana wa Makete anayependa muziki angezitoa wapi? Zambia. Ndola kulikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, basi vijana wa kule wakajifungia studio wakatoa kila aina ya kelele, nzuri na mbaya.

Kwenye sanduku nimekuta za Kenya chache, Super Mazembe na Les Wanyika. Nimekuta Mbaraka Mwinshehe, bila yeye sanduku la Mtanzania halijakamilika. Zilizobaki karibu zote ni za kule chini, fanki na disko. Mojawapo ni ya kundi linaitwa WITCH, ya mwaka 1984, jina lake Kuomboka. Msiogope hilo jina la mchawi, ni kifupi cha maneno yao ya Kiingereza yenye maana ya kukusudia kuleta vurugu. Miaka ya sabini walikuwa wanapiga roki nzito. Ilipofika themanini wakageukia disko, vinanda vya umeme na besi inayotembea kama mtu aliyepokea mshahara leo. Mwimbaji wao wa mwanzo, Emmanuel Chanda, wanamwita Jagari, alikuwa ameshaondoka kwenda kuwa mwalimu. Baadaye akawa mchimba vito.

Hapo nikome kidogo nieleze jambo zito.

Huyo Jagari yu hai, na uzeeni amerudi jukwaani anazunguka dunia. Ila katika kundi la mwanzo amebaki yeye. Wengi wa wenzake walichukuliwa na UKIMWI. Na baba mdogo, mwenye sanduku, alifariki 1994 kwa ugonjwa huohuo. Mama mdogo alimfuata 1996. Waliopiga na aliyesikiliza, wote.

Naandika hivi wazi kwa sababu mdogo wangu, mtoto wao wa mwisho, ameniruhusu, na kwa sababu nyumba nyingi Makete zina hadithi hii na hatuisemi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera 1983. Kwetu ulipopanda mlimani ulikuta wanaume wa mbao na biashara wanaosafiri, na wake wanaobaki. Dawa za bure zilianza kutolewa 2004. Miaka kumi baadaye kwa baba mdogo. Nimekulia kwenye misiba ya jumamosi kwa jumamosi, na watoto wa rika langu wengi wamelelewa na bibi. Mpaka leo mkoa wetu wa Njombe unaongoza nchini, utafiti wa 2022/2023 ulionyesha asilimia 12.7 ya watu wazima.

Mdogo wangu huyo alikuwa na miaka mitano baba yake alipofariki. Hana picha ya baba hata moja, zilikuwa mbili na zikaliwa na mchwa. Sauti yake haikumbuki. Bibi alikuwa anasema "baba yako alikuwa mcheshi", basi. Mtu anaishi miaka thelathini na neno moja, "mcheshi". Mimi kama nesi nimewahi kuwaambia akina mama wa kliniki ya CTC habari ya vitabu vya kumbukumbu, jambo lililoanzishwa Uganda miaka ya tisini na chama cha wanawake wanaoishi na VVU kinachoitwa NACWOLA. Mama anamwandikia mwanawe ukoo wao, chakula alichopenda mtoto akiwa mdogo, alivyozaliwa, mzaha wa nyumbani. Siku hizi mama anameza dawa na anaishi kuona wajukuu, tunashukuru. Lakini wazazi wa miaka ile hawakuachiwa nafasi ya kuandika kitu.

Au tulidhani hivyo. Nilipofungua mifuko ya karatasi iliyo ndani ya makava, nilikuta mwandiko. Kalamu ya bluu, herufi zimelala kulia. Kila santuri ameandika imenunuliwa wapi na lini, na kimstari kimoja pembeni. "Kitwe, 11/1984. Mvua." "Kapiri, mshahara umechelewa, nimekopa." Moja ameandika "Asiguse mtu, hata mama." Nilicheka peke yangu jikoni mle kwenye masizi mpaka shangazi akaja kuniangalia.

Haya, usafi wake.

Moshi wa miaka thelathini si mchezo. Makava yalikuwa na ukungu na sahani zina ngozi nyeusi ya masizi na mafuta. Ukungu niliusafishia nje, upepo ukiwa mgongoni, nimevaa barakoa. Hili nalisisitiza kwa wenye watoto wadogo. Ukikuta vitabu, nguo au magodoro ya zamani yenye ukungu, usikung'utie chumbani alikolala mtoto. Vumbi lile linaamsha pumu na kikohozi, na utahangaika usiku kucha.

Kisha maji. Maji ya bomba yana chumvi, yakikauka yanaacha vijichembe kwenye kijifereji, na kila kijichembe sindano inakisoma kama "tak!". Nilitumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri sana, maana kuna maji na kuna asidi, na duka moja linaziweka pamoja. Asidi inachoma macho na ngozi, na kama una mtoto anayetambaa usilete hata ile ya maji nyumbani bila kuiandika jina kubwa. Tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini, unasugua kwa kufuata mzunguko wa kijifereji, usikate kukipita. Lebo ya katikati usiilowanishe. Zile nzito za zamani za mara 78 kwa dakika usiziguse kabisa na spiriti, zimetengenezwa kwa utomvu na spiriti inauyeyusha. Sanduku la baba mdogo lilikuwa na mbili kama hizo, nimeziweka pembeni.

Zilizokataa sabuni ndizo zilizopakwa gundi. Mnisamehe, lakini hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Unamwaga gundi nyeupe ya mbao, unaisambaza kwa kadi ngumu iwe nene sawasawa, unaacha ukingo mdogo na lebo. Inaingia mpaka chini ya kijifereji na kukumbatia uchafu wote. Ikikauka inakuwa angavu kama nailoni. Wanaosema inakauka siku moja hawajafika kwetu. Ipelele ilichukua siku mbili na nusu na bado katikati ilikuwa inanata, nikazihamishia Makambako. Ukiipaka nyembamba itakatikakatika na utalia. Ukiipaka vizuri unashika ukingo, unavuta, inabanduka nzima kama ngozi ya nyoka, na uchafu wa 1984 umeganda humo. Sahani inabaki inang'aa mpaka unajiona uso. Fundi seremala jirani, niliyenunua kwake gundi, alisimama mlangoni akasema, "Sista, hii gundi nimeipaka miaka ishirini, sijawahi kuona ikipakwa ili ibanduke."

Pleya niliipata ya mtumba, ina waya wa kuchomeka kwenye laptopu. Ile ya baba mdogo ipo ila mkono wake ni mzito, na juu yake kulikuwa bado kumegandishwa sarafu ya shilingi moja yenye kichwa cha Mwalimu. Wazee walikuwa wanaiweka sindano isirukeruke. Inasaidia isiruke, kweli, na huku inachimba kuta za kijifereji. Pleya za kisasa sindano hukandamiza kwa uzito wa gramu mbili hivi. Piga hesabu sarafu ile ilifanya nini. Nyimbo mbili alizozipenda zaidi tunazijua bila kuuliza mtu, zimechakaa kuliko zingine zote.

Kijana wangu mmoja fundi simu ndiye alinionyesha programu ya Audacity, ni ya bure. Unacheza santuri, laptopu inarekodi, halafu unaona sauti kama mchoro wa mapigo ya moyo kwenye mashine ya wodini. Mipasuko inaonekana kama miiba. Programu inaweza kuifuta yote kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo tulipobishana. Yeye anataka sauti safi kama ya Bongo Fleva. Mimi nikamwambia sikiliza matoazi. Ukifuta sana kelele unafuta na matoazi, na pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza inakwenda nayo. Muziki unabaki kama mtu aliyepigwa sindano ya usingizi. Tukakubaliana. Miiba mikubwa tunaiondoa mmoja mmoja kwa mkono, mvumo mdogo unabaki. Dakika nne za wimbo zilinichukua zamu nzima ya mapumziko. Na tunahifadhi faili kubwa lisilobanwa, pamoja na nakala mbili sehemu tofauti. Ya kutuma WhatsApp ndiyo inabanwa.

Wenzetu wa nje wanafanya hivihivi kama kazi rasmi. Soundway ya Uingereza walitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kenya 2013, na nyimbo zilitoka kwenye santuri ndogondogo. Zamrock ya Zambia nayo imerudi madukani Marekani na Ulaya. Kanda mama za studio zikipotea, nakala nzuri iliyobaki duniani inaweza kuwa iko juu ya jiko la bibi wa mtu. Upande wetu tuna bahati kidogo, Radio Tanzania ilirekodi bendi kwenye kanda zake na nyingi zimehifadhiwa, na 2012 kulikuwa na mradi wa Tanzania Heritage Project wa kuhamasisha ziwekwe kwenye mfumo wa kidijitali. Ingawa redio hiyo hiyo iliukatalia wimbo wa Remmy Ongala, Mambo kwa Soksi, ule wa kuwahimiza watu kutumia kondomu. Kila nikiukumbuka nakunja uso. Watu walikuwa wanakufa na mwanamuziki alikuwa anawaambia kinga, hadharani, kwa lugha ya mtaani ambayo hata kijana wa reli angeielewa. Sisi manesi tulikuja kusema yaleyale miaka mingi baadaye kwa mabango.

Narudi kwa mdogo wangu. Alikuja na mtoto wake wa miezi mitatu. Nilimwekea kwanza ile Kuomboka, kwa sauti ya chini. (Mniulize sauti ya chini ni ipi. Kama unalazimika kupaza sauti kuongea na aliye karibu yako, ni kubwa mno kwa mtoto. Na mtoto anaanza kusikia akiwa tumboni, kuanzia wiki ya 25 hivi, kwa hiyo spika ya harusini usiiegemee na tumbo lako.) Alisikiliza, akasema, "Kumbe ni za kucheza." Alikuwa anategemea nyimbo za huzuni, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa kila aliyemtajia baba yake alikuwa anashusha sauti.

Halafu nikampa mfuko wa santuri ya mwisho kununuliwa, ya mwaka 1989. Ni ya mwimbaji wa kike wa Afrika Kusini. Mdogo wangu ana jina la kizungu ambalo ukoo mzima tulijua amepewa kwa heshima ya sista mmoja wa misheni. Bibi ndiye alisema hivyo, na amebatizwa kwa maelezo hayo. Pembeni ya mfuko, kwa ile kalamu ya bluu, baba yake ameandika: "Tunduma. Akiwa wa kike ataitwa huyu. Bibi asijue."

Jina sitalitaja, mwenyewe kasema mtaligundua. Alicheka akalia akacheka, mtoto naye akashtuka akaanza kulia, ikabidi anyonyeshe kwanza ndipo tuendelee. Baadaye akauliza, "Dada, unaonaje, alikuwa anacheza vizuri?" Nikamwambia mimi nilikuwa mdogo ila nakumbuka anacheza na ndoo ya maji kichwani kumchekesha mama mdogo, na haikumwagika. Hilo sikuwahi kumwambia. Hakuwahi kuuliza na mimi sikujua kama ni kitu cha kumwambia mtu.

Kuna suala la pesa, na nitalisema maana kuna watakaoanza kupekua madari ya bibi zao. Mtu mmoja wa Dar aliona picha akanipigia, akataka za Zambia zote kwa laki moja na nusu. Kijana wangu akaangalia mtandaoni, akakuta santuri za asili za kule, zikiwa katika hali nzuri, moja tu inaweza kuuzwa mamia ya dola. Zetu hali yake si hiyo, makava yameliwa. Lakini laki na nusu ilikuwa dhihaka. Kikao cha ukoo kikakaa. Wajomba wakasema vitu vya marehemu haviuzwi. Mdogo wangu, aliyenyamaza muda wote, akasema baba alikopa kununua hizi, angekuwa wa kwanza kuuza moja kumlipia mjukuu. Aliuza mbili, kwa mtu mwingine, kwa bei aliyoitaka yeye, baada ya kuzirekodi na kubakiza mifuko yenye mwandiko. Fedha ilikwenda kwenye bima ya mtoto na bati za jiko la bibi. Mimi niliona sawa kabisa. Mjomba mmoja bado amenuna.

Zimebaki kumi na tatu sijazisafisha. Moja imepinda kama kapi, nimeibana kati ya vioo viwili na kuweka vitabu vya wodi juu, naipa mwezi. Mwenye santuri ya zamani nyumbani asiiweke juani wala karibu na jiko, asimamishe wima kama vitabu, na asome karatasi za ndani kabla hajazitupa.

Wale akina mama watatu wa wiki ya sita, kipimo cha mtoto cha tone la damu ya kisigino ni alhamisi hii, njooni saa mbili na kadi. Mama anayetumia dawa zake vizuri anamnyonyesha mwanawe bila hofu, tulishaongea. Sehemu ya 15 tunarudi kwenye chanjo ya surua na yale maswali ya homa baada ya sindano.